Ukerewe ni maji, kwa hiyo tuanzie mwaloni

Wilaya ya Ukerewe ina kilomita za mraba 6,400 na kati ya hizo nchi kavu ni 640 tu. Yani ukiikata vipande kumi, tisa ni Ziwa Victoria, kimoja ndo hicho tunachojenga, tunacholima, tunachozikana. Visiwa viko 38 na vyenye makazi ya kudumu ni 15. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 345,147 kwenye hicho kipande kimoja cha kumi, na tumeongezeka toka hapo, kila mtu anayekwenda nyumbani kwa likizo anaona viwanja vinavyobanana.

Sasa mi kinachoniuma ni hiki. Kila tukikaa kuongelea maendeleo ya kwetu, iwe kwenye kikao cha ukoo, iwe kwenye magrupu ya WhatsApp, tunaanza na kile kipande kimoja. Barabara ya kuzunguka kisiwa, eneo la stendi, jengo fulani pale mjini Nansio. Sisemi barabara haina maana, mama akishikwa na uchungu usiku anapita humohumo. Ila hela ya Ukerewe inaingilia mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotua na samaki, chakula kinaingilia mwaloni, na mwalo ndo sehemu ambayo hatujaijenga. Vile vipande tisa tunavichukulia kama pengo la kuvuka tu ufike Mwanza.

Mama yangu mdogo ni mchuuzi wa dagaa, kaifanya hiyo kazi tangu mi niko darasa la tatu, kasomesha watoto wake wanne kwa dagaa na mimi mwenyewe ada ya kidato cha tano ilitoka kwenye magunia yake. Mwaka jana masika nilikaa kwake wiki mbili na ndo nikaona kwa macho ya mtu mzima kile nilichokuwa nakiona utotoni bila kukielewa. Mitumbwi inaingia alfajiri, taa za sola bado zinawaka (zamani zilikuwa karabai, unazisikia zinavuma kabla hujauona mtumbwi), wanawake wako kwenye maji mpaka magotini na mabeseni wanagombea kununua, maana aliyechelewa anapata waliopondeka. Ananunua, anabeba, anakwenda kuwamwaga mchangani. Mchanga kabisa, ule wa ufukweni ambako mbuzi wamepita na watoto wanacheza. Anawatawanya kwa mikono, anawapitia na ufagio wa chelewa ili wasilaliane, ikifika saa tatu ufukwe wote umekuwa wa fedha unang'aa mpaka unafumba macho.

Siku ile saa tano na nusu wingu likatokea upande wa ziwa. Mtu wa kwetu analijua lile wingu, halina utani. Wanawake wote wakaanza kukimbia na mafagio na ndoo, wanazoa dagaa pamoja na mchanga, kelele, watoto wanaitwa waje wasaidie, mama mdogo ananipigia kelele shika turubai wewe mtoto, na mi nimeshika upande mmoja upepo unanizidi nguvu. Tuliokoa kama theluthi. Waliobaki walinyeshewa, na dagaa akishalowana hivo jua likirudi anakuwa mwekundu, anavunjika, anatoa harufu, basi huyo hana soko la watu tena. Ni chakula cha kuku. Alikuja mnunuzi wa chakula cha mifugo jioni akawachukua kwa bei ya kutupa na mama mdogo akapokea bila kubishana, maana mkopo wa kikundi unamsubiri Ijumaa na giza lilikuwa linakaribia kuisha.

(Kwa msio wa ziwani, giza ni zile siku ambazo mwezi haupo. Dagaa anavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwaka taa hazimvuti, mitumbwi inakaa. Kwa hiyo mwezi una siku zake za kazi na siku za kungoja, na siku moja ya kazi ikiharibika hairudi.)

Nikajiuliza, hivi kweli mvua ndo ya kulaumiwa? Ziwa Victoria asilimia kama 80 ya maji yake yanatoka kwenye mvua inayodondoka moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, sio mito. Ziwa linatengeneza mawingu yake na kuyanyesha lenyewe. Kukaa kando ya ziwa la namna hiyo halafu kuanika chakula cha mamilioni ya watu chini kwenye mchanga, tukingoja huruma ya wingu, hilo ni letu sisi na mipango yetu.

Dawa yake inajulikana na sio ya ajabu. Kichanja. Miti, mabanzi, juu unatandika wavu, nyavu chakavu zipo kila kambi. Dagaa akiwa juu hewa inapita chini na juu, anakauka haraka, hana mchanga, mvua ikija unafunika na turubai bila kuzoa. Dagaa wa kichanja anatambulika sokoni hata kwa kushika. Pale Kirumba Mwaloni, Mwanza, ambako dagaa wa visiwa vyote wanakutana na kupakiwa kwenda mpaka Kongo, mnunuzi anachota kiganjani anapuliza, anatafuna mmoja, akisikia mchanga kwenye meno bei imeshashuka kabla hajaongea. Kwanini basi hawafanyi wote? Kwa sababu mti unanunuliwa, Ukerewe misitu ni michache, na kwa sababu eneo la mwalo sio la mtu, leo unajenga vichanja vyako kesho unaambiwa pisha. Mtu hawezi kuwekeza mahali ambapo hana uhakika wa kukaa mpaka msimu ujao.

Hapa nataka niseme kitu ambacho kimenikaa rohoni. Sangara aliletwa kwenye ziwa hili miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, wale samaki wadogo wa asili, mpaka aina nyingi hazionekani tena, wazee wetu wanakumbuka furu kama mtu anavyomkumbuka ndugu. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikaja Mwanza, sangara akawa samaki wa kupanda ndege. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo Ulaya wakafunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usafi na usalama wa chakula. Nini kikatokea? Viwanda vikajirekebisha, wakaguzi wakaanza kuzunguka, mialo ya sangara ikaanza kuwekewa sakafu ya zege, paa, uzio, choo, maji safi, barafu inakuja na boti mpaka kambini. Ilifanyika na ilifanyika ndani ya miaka michache, soko likafunguka tena. Kwa hiyo tunaweza. Tena tunaweza vizuri.

Ila angalia ni samaki yupi alipewa zege. Ni yule anayeliwa Ulaya. Yule tunayekula sisi, anayekaa kwenye sufuria ya mtoto wa Shinyanga na Tabora na Goma, anaanikwa pale mbuzi anapopita. Mi hilo siwezi kulikubali kabisa. Na kwa uzito dagaa ndo wengi kuliko sangara kwenye ziwa letu siku hizi, anazaliana haraka, anastahimili uvuvi mkubwa kuliko sangara na sato. Sangara wenyewe wamekuwa shida mpaka kuna sheria ya kupima, chini ya sentimita 50 hapana, wadogo wakue watage. Ni sheria nzuri naiunga mkono, nimewaona wavuvi wanailalamikia na nawaelewa, ila nyavu haramu kama timba na kokoro zikiachwa zifanye kazi kwa uhuru hakuna atakayebaki na kitu.

Na mnaodhani watu wa visiwani hatujui kutunza ardhi kwa hiyo tumeishia kwenye samaki, nendeni Ukara. Kisiwa kidogo, watu wamejaa, na wakulima wake waliandikwa na wataalamu tangu enzi za wakoloni kwa jinsi walivyokuwa wanafuga ng'ombe ndani ya nyumba, kwenye shimo, wanawakatia majani na kuwaletea, samadi inakusanywa pale na kupelekwa shambani kila msimu. Walipanda mmea wa marejea katikati ya mazao ili kurutubisha udongo, na pembezoni mwa ziwa wakachimba mabwawa ya kuoteshea majani ya mifugo. Hawakuwa na eneo la kuhamia kila mara kwa hiyo walijenga udongo wao kwa mikono. Huo ni ujuzi wa watu waliokubali kwamba kisiwa ni kisiwa wakapanga kutokea hapo. Ndo akili ileile naililia kwenye mwalo.

Kilimo chetu kingine nitakipitia haraka maana hakinisumbui sana. Mihogo ipo, viazi vipo na michembe yake (viazi vya kukaushwa), mpunga mabondeni, machungwa ya Ukerewe mtu wa Mwanza anayajua. Pamba ilikuwa kubwa, Murutunguru palikuwa na kiwanda cha kuichambua, wazee wanasimulia foleni za mikokoteni. Leo kijana wa Ukerewe hawazi pamba, anawaza injini ya mtumbwi.

Kuhusu usafiri lazima niseme ingawa moyo unakuwa mzito. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara kutokea Bugolora, watu zaidi ya 220 wakafa, mita chache kutoka gatini, wengi walikuwa wanarudi kutoka gulio. Kivuko cha kubeba watu 101. Nina jamaa zangu kwenye makaburi yale. Siku kama ile huwezi kuizungumzia kama ajali ya barabarani, ni kijiji kizima kilikwenda sokoni kununua chumvi na sabuni. Na walikuwa wengi vile kwa sababu chombo kilikuwa kimoja. Mtu wa bara akikosa basi anapanda linalofuata, mtu wa Ukara akikosa kivuko siku imekwisha, kwa hiyo atajibana aingie tu. Ndo maana nikisikia hesabu ya kwamba njia fulani ya majini haina abiria wa kutosha kwa hiyo haina faida najiuliza ni nani aliwahi kuuliza barabara ya changarawe inaingiza faida gani.

Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita 3 juu ya ziwa, nimepita na nimefurahi kama mtoto, ile foleni ya kivuko pale imeua biashara nyingi na wagonjwa wengi. Hongera kwa kila aliyeshika nyundo. Na najua kwetu sasa kila mtu anaota la Rugezi na Kisorya. Hata mi naota. Ila daraja litaunganisha kisiwa kimoja kikubwa na bara, Ukara itabaki majini, Irugwa itabaki majini, na vile visiwa vidogo vya kambi za uvuvi vyote vitabaki majini. Hao wanahitaji gati imara, chombo cha pili, na maboya ya kuokolea yanayotosha kila kichwa.

Kwa hiyo mi ningeambiwa nichague wapi bajeti ya wilaya ianzie ningesema mwaloni, bila kusita. Kila mwalo mkubwa upimwe, mipaka yake ijulikane, kikundi cha wanawake wanaoanika kipewe eneo lao kwa maandishi, kuwe na vichanja vya kudumu na paa moja refu la bati la kuhifadhia dagaa mvua ikija, choo, kisima, ghala lenye sakafu. Na vijengwe juu kidogo, sio pale maji yanapolamba, tusisahau Mei 2020 ziwa lilipopanda kuliko rekodi zote za nyuma likameza mialo na nyumba, na 2024 likarudi tena juu. Ushuru wa dagaa unakusanywa kila gunia, mama mdogo ana risiti amezifunga kwenye kitambaa, kaniwekea mezani akaniambia mwanangu wewe umesoma, nihesabie hapa nimelipia choo gani. Nilihesabu mpaka taa ikaishiwa chaji, tukalala.

Serikali miaka hii imeanza kukopesha boti na vizimba vya kufugia samaki, sato wanakua humohumo ziwani, na vijana kadhaa ninaowajua wamejiunga. Ni jambo jema. Lakini waliokopeshwa boti ni wanaume wengi, na samaki akishatua mchangani kazi inayobaki ni ya wanawake, na huko mkopo unaotembea ni ule wa riba kali, wa kausha damu.

Mwezi huu mama mdogo na wenzake sita wameamua hawangoji. Wamekubaliana na mwenye shamba aliye jirani na mwalo, wanamlipa kwa msimu, wajenge vichanja kwenye ardhi yake. Nyavu chakavu wameshapata, wanazishona. Miti ndo imekuwa taabu, kwa hiyo nimenunua nguzo ishirini za mkaratusi huku Mwanza na Jumamosi napanda nazo meli ya Nansio, masaa matatu na nusu majini. Kaniambia nisichelewe, giza linaanza Jumatano.