Saruji haitaziponya kuta hizo
Eti waliosoma shule ile ya misheni hapa Bagamoyo, wakishirikiana na parokia, wakishapiga plasta ya saruji kwenye madarasa ya zamani, kuta hazitamomonyoka tena. Hapo napinga. Kuchanga wamechanga, hongera zao, na elfu hamsini yangu imo. Lakini majengo yale ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama yale ya misheni iliyoanzishwa 1868. Ukuta wa namna hiyo unapumua: unyevu unapanda kutoka chini na kutokea nje. Ukiuziba kwa saruji, maji na chumvi vinabaki ndani, plasta inavimba, kisha inabanduka na jiwe lake. Mimi ni mwashi mwaka wa ishirini sasa. Nimebandua plasta za aina hiyo nikakuta nyuma yake mchanga mtupu. Kinachofaa hapo ni plasta ya chokaa. Inachelewa kukauka, kweli, na fundi wake haokotwi (vijana wanajua bloku tu). Mabati ya paa sina neno, ingawa kwa upepo huu wa bahari misumari ndiyo itatangulia kuoza. Kamati imewauliza watu wa mambo ya kale kabla ya kuagiza mifuko ya saruji? Na nani anamjua fundi chokaa aliyebaki, Kaole au Dunda?