Mashine ya kupumulia imtii mgonjwa?

Mtazame mgonjwa wa mapafu sugu aliyelazwa chumba cha mahututi, mrija uko kooni. Misuli ya shingo inakakamaa, kifua kinahangaika, na mashine iko kimya. Hewa ya pumzi iliyopita imenasa ndani ya mapafu yake, na asipoishinda hiyo kwanza, mashine haijui kama anataka kuvuta nyingine. Akifaulu, hewa inamjia wakati yeye ameshaanza kuitoa. Wauguzi husema "anapigana na mashine", kisha mgonjwa huongezewa dawa ya usingizi. Mimi naona aliyekosea hapo ni mashine, haikumsikia.

Mashine ya kawaida husubiri shinikizo au mtiririko wa hewa kwenye mipira ubadilike, na hilo hutokea mwisho kabisa: ubongo umeshaamuru, neva ya freniki imeshashusha amri kutoka shingoni, kiwambo, msuli mpana ulio chini ya mapafu unaovuta pumzi, kimeshajikunja. Mwaka 1999 mtafiti Christer Sinderby na wenzake walieleza namna ya kuidaka amri njiani. Mgonjwa hupitishwa puani mrija kama ule wa kulishia, wenye elektrodi ndogo zinazokaa kwenye umio, jirani na kiwambo. Umeme wa msuli, unaopimwa kwa maikrovolti, ndio unaoanzisha pumzi, kuikuza na kuikata. Daktari hupanga tu kila maikrovolti izae shinikizo kiasi gani. Mtindo huu huitwa NAVA, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya msaada wa kupumua unaofuata ishara ya neva.

Kwa watoto njiti sina ubishi mkubwa. Hupumua harakaharaka, pumzi zenyewe ndogo mno, na kifaa cha puani huvuja kila wakigeuza kichwa, hata mashine ikaudhania uvujaji kuwa ni pumzi. Umeme wa kiwambo hausumbuliwi na uvujaji huo. Kwa watu wazima pia ipo hoja nzito: utafiti wa mwaka 2008 ulikuta nyuzi za kiwambo zimesinyaa baada ya saa 18 hadi 69 tu za kupumuliwa kikamilifu na mashine. Kiwambo kinachoendelea kuitikia amri ya ubongo angalau hakijakaa bure.

Ila kumsikia mgonjwa vizuri si sawa na kumponya. Huko Ufaransa, wagonjwa 128 walifuatiliwa katika jaribio la NAVA lililochapishwa mwaka 2016: kupishana na mashine kulipungua kweli, lakini vifo havikupungua. Jaribio la mwaka 2020 lenye wagonjwa 306 lilileta habari njema zaidi, siku bila mashine ziliongezeka. Vifo, tena, tofauti haikuthibitika.

Halafu kuna swali ambalo mashabiki hulipita upesi: je, amri ya ubongo huwa sahihi siku zote? Homa, damu yenye asidi au mapafu yaliyovimba huweza kuufanya ubongo udai pumzi kubwa kuliko mapafu yanavyostahimili. Watetezi hujibu kwamba mapafu yakitanuka hutuma ishara ya kuupunguza umeme, na kweli msaada ukiongezwa umeme hushuka. Kinga hiyo ipo, ila nisingeitegemea peke yake kwa mgonjwa mwenye mapafu yaliyoharibika vibaya.

Aliyepewa dawa ya kulegeza misuli, au aliyekatika neva ya freniki, hana umeme wa kusomwa. Mrija nao husogea, na mapigo ya moyo yakachanganyikana na ishara. Hapo mashine hurudi kwenye njia ya zamani, na muuguzi asiyelijua hilo atadhani mambo yanaendelea kama kawaida. Mrija wenyewe hutumika mara moja tu, gharama isiyokwepeka.

Mimi ningeanza na matumizi madogo: kuuweka mrija kwa ajili ya kutazama, hata mtindo usipobadilishwa. Mstari wa umeme ukilala bapa kwenye skrini, kabla ya kugusa mashine ningeuliza dawa ya usingizi imefika kiasi gani, na kama msaada tunaompa umezidi hadi kiwambo kimeacha kazi.