Paa la chekechea ni la nani?

Upepo uliezua paa la darasa la PP2, mwaka wa pili wa chekechea, katika shule ya watoto wetu hapa Kenya, na wiki iliyofuata tukaitwa kikao cha wazazi. Mwalimu mkuu alisimama na faili mkononi. "Wazazi wangu, ile shilingi 1,420 ambayo serikali inatoa kwa kila mtoto wa msingi kwa mwaka, nikiigusa nikaezeka chekechea, mkaguzi wa hesabu ataniuliza. Chekechea ni ya kaunti." Afisa wa kaunti, ambaye tulikuwa tumemsubiri saa mbili, naye akasema darasa hilo lilijengwa na shule ya msingi kabla ya ugatuzi, yaani kabla ya kaunti kupewa kazi zake, kwa hivyo halimo katika rejista yao ya mali.

Hakuna aliyetudanganya. Kila mmoja alikuwa na sheria yake. Watoto walisomea chini ya mwembe, na mvua ilipoanza wakahamishiwa Gredi ya Kwanza, wanne katika dawati moja.

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Sera, mitaala, mitihani, shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu vimebaki kwa serikali ya kitaifa. Kwenye karatasi, mgawanyo huo unaeleweka. Shuleni kwetu, mtoto wa miaka mitano na wa miaka sita wanaingia kwa geti moja, wanachota maji kwenye tangi moja na kupanga foleni kwenye choo kimoja, huku mmoja akiwa wa gavana na mwingine wa waziri.

Kinachoniuma ni jinsi Jedwali hilohilo linavyobadilika likifika kwenye basari, yaani msaada wa karo. Hapo kaunti haisemi "si yetu." Inavuka ua bila hodi na kulipia karo wanafunzi wa sekondari na vyuo, kazi ambayo Katiba haikuipa. Ndiyo maana Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, afisa anayeidhinisha pesa za serikali zitoke, alitoa waraka akizitaka kaunti zisitoe basari hizo bila mkataba na serikali ya kitaifa. Magavana walikuja juu, kesi ikafika Mahakama Kuu, na utekelezaji wa waraka ukasimamishwa kwa muda.

Najua nitakosana na wengi, ila kisheria naona Msimamizi wa Bajeti alisema kweli. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuikabidhi nyingine kazi yake, mradi wakubaliane, na kinataka mipango iwepo ili pesa ziandamane na kazi hiyo. Mlango upo. Magavana walikuwa na miaka kumi na zaidi ya kuupitia, na serikali ya kitaifa pia ilikaa kimya miaka hiyo yote kwa sababu basari zilikuwa zikiipunguzia kelele za wazazi. Kuja kusoma sheria kwa sauti Januari, mwezi ambao mzazi anauza mbuzi ili mtoto arudi shule, ni kumwadhibu ambaye hakukosa. Kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kwangu mimi, hilo lilidai mkataba utiwe sahihi kwanza, pesa zikiendelea kutoka, na masharti yafuate muhula unaokuja.

Na masharti yawepo kweli. Kaunti inayotaka kulipia karo ya sekondari ionyeshe kwanza kwamba walimu wake wa chekechea wamelipwa na madarasa yake yana paa. Basari huja na hundi ya kupigia picha mbele ya umati. Mshahara wa mwalimu wa PP1 haupigiwi makofi na mtu, na nadhani ndiyo sababu kazi ambayo kaunti ilipewa na Katiba hubaki nyuma ya kazi iliyojitwalia.

Sitaki kusikia kwamba ushirikiano hauwezekani. Katika Kaunti ya Nairobi, tangu 2023, jikoni za kaunti zinapikia watoto wa shule za msingi za umma, na mtoto analipa shilingi 5 kwa sahani. Shule hizo si za kaunti. Njaa ilipoonekana kuwa kubwa kuliko ubishi, njia ilipatikana.

Ninachoomba ni kidogo. Kila shule yenye chekechea ndani ya ua wake iwe na makubaliano ya maandishi kati ya serikali hizo mbili: nani anakarabati darasa, nani anajaza tangi, nani anachimba choo kikijaa. Ukurasa mmoja unatosha, ubandikwe ofisini kwa mwalimu mkuu, ili siku paa likienda mzazi ajue mlango wa kubisha.

Letu tuliliezeka wenyewe. Tulichanga, tukanunua mabati kumi na manne, na baba mmoja fundi akapiga misumari Jumamosi nzima bila malipo. Hadi leo mabati hayo hayamo katika rejista ya serikali yoyote.