Kuzamia Zaidi ya Mita 40: Kwa Faida Ipi, kwa Hatari Gani

Gari lilipotumbukia baharini kutoka kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, mwishoni mwa Septemba 2019, mama na binti yake wakiwa ndani, nchi nzima iliuliza: wazamiaji wanangoja nini? Karibu wiki mbili zilipita kabla gari halijatolewa. Lilikuwa mita 58 chini, kwenye mkondo wa maji unaopitiwa na meli. Uchungu wa watu ulikuwa wa haki. Lakini wengi tuliuliza bila kujua mita 58 humfanya nini mwanadamu.

Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu. Ukifika mita 58, shinikizo ni karibu mara saba ya lile la ufukweni, na kila pumzi hula hewa kwa kiasi hichohicho. Mtungi ambao ungekutosha saa nzima juu ya maji unakwisha kwa dakika tisa hivi, na bado hujaanza safari ya kurudi. Safari hiyo nayo haiharakishwi. Naitrojeni, gesi iliyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, ikishazama mwilini lazima itoke taratibu. Ukipanda kwa pupa hugeuka mapovu ndani ya damu na nyama, na mapovu hayo huweza kupoozesha au kuua. Ndiyo sababu mafunzo ya kawaida ya kuzamia kwa starehe huishia mita 40.

Kuna jambo jingine linalonitisha kuliko mapovu. Kuanzia mita 30 hivi, naitrojeni hulevya. Mtu anasoma kipimo cha hewa, anaiona namba, na ile namba haimwambii kitu. Anajisikia vizuri mno. Raha ambayo wapenda kina huisimulia, ule utulivu wa ajabu, sehemu yake ni ulevi huo, na kiungo kinacholewa ndicho kile kinachotakiwa kuamua kwamba sasa inatosha.

Hata hivyo siwezi kuwaona wanaoshuka kuwa wapumbavu. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alikuwa ameonekana hai majini na watu waliokuwa ndani ya nyambizi ndogo huko Komoro. Oktoba 2000, mzamiaji Pieter Venter na wenzake walishuka kwenye korongo la bahari la Sodwana, Afrika Kusini, na wakiwa mita 104 wakawakuta silikanti watatu. Fikiria kummulika kwa tochi kiumbe ambaye vitabu vilikwisha kumzika! Ugunduzi ule ulizaa utafiti mkubwa katika bahari yetu hii, na Tanga, ambako wavuvi walianza kumnasa kwenye nyavu miaka michache baadaye, leo ina hifadhi ya bahari kwa ajili yake.

Novemba ya mwaka uleule kundi lilirudi Sodwana kumpiga picha. Picha zilipatikana. Mmoja wao, Dennis Harding, alifariki baada ya kupanda. Na hawa hawakuwa wageni wa kazi: walivuta mchanganyiko wa gesi wenye heliamu, ambayo hupunguza ule ulevi. Kwa hiyo mafunzo hupunguza hatari, hayaiondoi. Mimi nasema utafiti wa namna hii una haki ya kuendelea, mradi kila anayeshuka ameyajua haya tangu nchi kavu, na mradi chombo kisicho na mtu kitangulie pale kinapoweza kufanya kazi hiyohiyo.

Dahab, Misri, ni habari nyingine. Mwaka 2014 mzamiaji Ahmed Gabr alitangazwa kufika mita 332.35, kushuka kulichukua takriban robo saa, kupanda zaidi ya saa 13. Baadaye wapo walioitilia shaka rekodi hiyo. Iwe kweli au la, nashindwa kuona tulichojifunza kuhusu bahari kwa namba ile. Hapohapo Dahab kuna shimo maarufu la buluu lenye tao chini ya mita 50, linalotokezea bahari wazi. Maji ni maangavu kiasi kwamba tao huonekana karibu kuliko lilivyo. Wengi wamelifuata kwa mtungi mmoja wa hewa ya kawaida, na mabamba ya ukumbusho wa waliofia humo yamepachikwa kwenye mwamba wa ufukwe. Hapo hakuna hoja ya upande wa pili ninayoweza kuipa uzito.

Pwani yetu ina wazamiaji ambao hawajaalikwa kwenye mjadala huu. Ni vijana wanaotafuta majongoo bahari, ambao huuzwa kwa bei nzuri Asia. Majongoo yakipungua kwenye maji mafupi, mtu hufuata riziki chini zaidi, mara nyingi bila kozi wala kompyuta ya kumwonyesha muda na kina, na hurudia kushuka siku ileile mwili ukiwa haujatoa naitrojeni ya awali. Mtalii anayeshuka Pemba ana mwalimu pembeni yake na bima ya kumfikisha kwenye chemba ya shinikizo, chumba cha kutibia madhara ya yale mapovu, akiumwa. Kijana huyu akianza kufa ganzi miguu hupelekwa nyumbani akandwe. Serikali zetu zikipata fedha za kufundisha watu kuzamia, zianze na yeye.