Mwinyi: cheo, jina na tusi

Rais wa pili wa Zanzibar aliitwa Aboud Jumbe Mwinyi. Kwa lugha ya mwambao wa zamani, jumbe ni mkuu wa mji na mwinyi ni bwana, mwenye mji. Mapinduzi yaliyomng'oa sultani Januari 1964 yakajikuta, miaka minane baadaye, mikononi mwa mtu aliyebeba vyeo viwili vya kale kwenye jina lake. Alipojiuzulu mwaka 1984 akapokewa na Ali Hassan Mwinyi. Kufanana huko hakumaanishi ukoo mmoja. Ila miaka hiyohiyo, upande wa bara, kumwambia kiongozi ana umwinyi, yaani anakaa kibwana akingoja kutumikiwa, lilikuwa jambo zito.

Neno moja, basi, ni cheo, ni jina na ni tusi. Ubishi uliopo ni kama hilo tusi ni la haki.

Tuanze na cheo. Mwinyi Mkuu alikuwa mtawala wa wenyeji wa Unguja, Wahadimu hasa, na jumba lake lilikuwa Dunga, ambako magofu yake yapo hadi leo. Alama za enzi yake zilikuwa ngoma na siwa, lile baragumu la watawala. Masultani kutoka Oman walipokita Unguja hawakumfuta. Walimwachia watu wake, naye akawakusanyia kodi. Wa mwisho wao alifariki mwaka 1873 bila kuacha mrithi wa kiume, na kiti kikafa naye. Lakini mwinyi mdogo, yule asiye Mkuu, alikuwa kila mahali. Wafanyabiashara wa pwani waliofika Maziwa Makuu waliitwa hivyo: Mwinyi Kheri pale Ujiji, na Mwinyi Mohara wa Nyangwe, aliyeuawa katika vita na Wabelgiji mwaka 1893.

Kutoka hapo cheo kiliyeyukia ndani ya majina. Mwinjuma ni Mwinyi Juma. Mwinshehe ni Mwinyi Shehe. Wapo akina Mwinyimvua na Mwinyimkuu, na wengi wao ni mafundi, wavuvi na makondakta ambao hawajawahi kutumikiwa na mtu. Upande wa wanawake mambo yamekwenda mbali zaidi. Mwana lilikuwa neno la heshima la bibi wa nyumba kubwa, leo Mwanaisha na Mwanahamisi ni majina ya kila mtaa, na hakuna anayesikia ubwana ndani yake.

Tena, kwa desturi yetu, Mwinyi hata halikuwa jina la ukoo. Ali Hassan Mwinyi ni Ali wa Hassan wa Mwinyi, yaani Mwinyi ni babu. Mwanawe, kwa hesabu hiyo, angeishia Hussein Ali Hassan. Lakini kwenye karatasi za kura za 2020 Zanzibar ilimchagua Hussein Ali Mwinyi. Jina la babu lilikuwa limeshaganda likawa la nyumba nzima, kama wanavyofanya wenye pasipoti na vyeti vinavyodai "jina la ukoo".

Sasa tusi. Wanaolitetea wana hoja, na si ndogo. Pwani ya mamwinyi ilikuwa pwani ya tabaka: muungwana huku, mtumwa kule, na kati yao watu waliohesabiwa kwa nani aliwaleta. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897 tu. Nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 ilihitaji neno la kumwita kiongozi anayekaa kivulini akingoja kuletewa, na ilikuwa nalo tayari. Kulikataa neno hilo leo, wanasema, ni kuipaka rangi historia ambayo wajukuu wa watumwa bado wanaijua.

Wanaolipinga wanauliza swali jingine: mbona linapotamkwa siku hizi halimfuati kiongozi, linamfuata mtu wa pwani? "Hawa wana umwinyi" huambiwa kijana wa Kilwa au Bagamoyo asiye na shamba wala duka. Maana yake huyo kijana ni mvivu, na shutuma hiyo ya uvivu ina historia yake. Wahadimu wengi hawakutaka kibarua kwenye mashamba ya karafuu kwa sababu walikuwa na mihogo yao na bahari yao. Wenye mashamba na maofisa wa Kiingereza wakaandika kwamba ni wavivu. Anayerudia hayo leo anarudia malalamiko ya mwajiri, akidhani anapiga vita ukabaila.

Mimi nasimama karibu na hawa wa pili, kwa sharti moja: neno libaki, lakini lipewe mwenye tabia hiyo, awe wa Tanga au wa Bukoba. Mzee Ruksa mwenyewe, yaani Ali Hassan Mwinyi, aliacha uwaziri wa mambo ya ndani miaka ya 1970 kwa sababu ya maovu ya maofisa walio chini yake mkoani Shinyanga, ambayo hakuyatenda yeye. Mamwinyi wa kweli hawana mazoea hayo.

Na maneno haya hubadilika kwa kazi za watu. Mangi alikuwa mtawala wa Wachaga. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Kisha mangi akapewa meza na tukapata umangimeza, balaa la ofisini. Leo ukimtuma mtoto Dar es Salaam "kwa Mangi" atarudi na sukari robo na chenji. Hakuna kamati iliyoamua hivyo. Wachaga walifungua maduka, basi.

Anayetafuta mabaki ya mamlaka ya Dunga asihangaike na majina, aende shehiani. Chini ya Mwinyi Mkuu vijiji vilikuwa na masheha, yaani wakuu wake, na masheha wapo hadi leo. Diwani, aliyekuwa mtawala wa miji ya Mrima, pwani ya bara inayoitazama Unguja, na ya Pemba, siku hizi anaomba kura. Sheha haombi. Anateuliwa kutoka juu, na mwenye shida ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi lazima apite kwake, akubalike kwamba ni mtu wa pale. Huo ndio mjadala ninaotamani kuusikia ukipigwa kwa ukali tunaoutumia kwenye jina la babu wa mtu.