Nozeli Haipimwi kwa Wastani

Nilisimama gereji moja fundi akipima kwenye mashine nozeli nne za dizeli, vile vifaa vinavyopuliza mafuta ndani ya injini. Dizeli ilipanda katika vioo vinne vya kupimia mpaka ikalingana, akasema zote nzima. Zikarudishwa kwenye injini, nayo ikaendelea kugonga vilevile. Sikumlaumu, kwa sababu vioo vile hujumlisha mipulizo mingi na kutoa wastani, ilhali ugonjwa wenyewe hujificha ndani ya milisekunde moja.

Sisi tunaoandika modeli, yaani hesabu za kuiga kwenye kompyuta, za mifumo ya reli ya pamoja (common rail: bomba nene linalotunza dizeli yenye presha kubwa na kuigawia nozeli zote), iliyoingia kwenye magari madogo ya abiria mwaka 1997 na Alfa Romeo 156, tunakosea vivyo hivyo. Modeli nyepesi huichukulia reli kama chupa moja inayojazwa na pampu na kupunguzwa na nozeli. Ikiwa reli ina ujazo wa sentimita za ujazo 20, na ugumu wa dizeli kubanwa ni bari 15,000 (bari moja ni karibu sawa na presha ya hewa ituzungukayo), kutoa milimita za ujazo 20 hushusha presha kwa bari 15 tu. Kwa anayebuni udhibiti wa pampu hesabu hiyo inatosha, wala sioni haja ya kuitia madoido.

Shida iko kwenye bomba liendalo kwa nozeli. Sindano iliyo ndani ya nozeli, inayofungua na kufunga njia ya dizeli, ikifunga ghafla, dizeli iliyokuwa mbioni hukwama, kama bomba la nyumbani linavyogutuka mtu akifunga koki kwa haraka, na wimbi la presha hukimbilia kwenye reli na kurudi. Katika bomba la sentimita 30, kwa kasi ya mita 1,400 kwa sekunde, safari hiyo huchukua milisekunde 0.43, yaani kama nyuzi 5 za mzunguko wa krenki, mhimili mkuu wa injini, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika. Mpulizo mkuu ukifuata upesi ule mdogo wa awali, hukuta wimbi bado linatembea, na kiasi cha dizeli huzidi au hupungua ijapokuwa amri ya kompyuta ni ileile.

Kwa hiyo nashikilia kwamba bomba ligawanywe vipande kwa urefu wake, na ugumu wa dizeli usiwe namba moja isiyobadilika, kwani kwenye bari 1,000 kasi ya wimbi hupita mita 1,600 na modeli ya namba moja hubaki nyuma. Wapo wanaosema hesabu hiyo ni nzito mno kwa kompyuta ya gari. Ni kweli, ila kazi yake ni ya mezani: itoe jedwali la masahihisho ambalo gari litalisoma kwa wepesi. Na ikijaribiwa, sensa ya presha ifungwe kwenye bomba karibu na nozeli, maana ile ya reli iko mbali na mahali sindano inapofungia.