Sifa ni za upepo, kazi ni ya bomba

Kila Denmark inapotajwa kwenye mijadala ya nishati huko nyumbani Tanzania, picha inayobandikwa ni ileile: mapangaboi meupe baharini. Si uongo. Mitambo 11 ya Vindeby, iliyosimamishwa mwaka 1991, ndiyo ya kwanza duniani kuzalisha umeme wa upepo baharini kama shamba zima, na leo zaidi ya nusu ya umeme wa nchi hii unatokana na upepo. Lakini sisi tunaolipa bili huku tunajua umeme ni nusu tu ya habari. Kizito ni joto: kupasha nyumba na maji ya kuoga, tangu Oktoba mpaka Aprili au hata Mei. Gesijoto za Denmark zimepungua karibu nusu tangu 1990, na msingi wake uliwekwa chini ya barabara miaka mingi kabla upepo haujawa kitu.

Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, zaidi ya asilimia 90 ya nishati ya Denmark ilikuwa mafuta, karibu yote ya kuagiza. Jumapili magari yakapigwa marufuku barabarani. Vituo vya umeme vikahamia makaa ya mawe (wasifiaji hulisahau hili), na mwaka 1979 ikatungwa sheria ya joto: manispaa zipange mtaa gani upate gesi na upi upate maji moto ya bomba. Kituo kinachochoma makaa hugeuza chini ya nusu ya joto kuwa umeme, na kwingine linalobaki humwagwa baharini au mtoni. Hapa lilitiwa kwenye maji, yakasukumwa majumbani. Mwaka 1988 kupasha nyumba mpya kwa umeme kukakatazwa. Leo takriban theluthi mbili za nyumba ziko kwenye mtandao huo. Na kwa kuwa bomba halijali maji yamechemshwa na nini, moto wa huko kituoni umebadilishwa kutoka makaa hadi gesi, takataka, mbao na sasa pampu kubwa za joto (mashine za umeme zinazokusanya joto la hewa au maji), bila kugusa rejeta ya ukutani, kile chuma kinachopitisha maji moto kupasha chumba, sebuleni kwa mtu.

Rejeta hiyo ndiyo inayotula wageni pesa. Mita ya joto inapima vitu viwili: maji yaliyopita, na tofauti ya joto kati ya yanayoingia na yanayotoka. Lita 1,000 zikiingia na digrii 70 na kutoka na 40, zimeacha ndani takriban uniti (kWh) 35. Zikitoka na 55 zimeacha 17 tu, na pampu imefanya kazi ileile. Ndiyo maana kampuni nyingi za joto humtoza zaidi anayerudisha maji yangali moto. Kosa letu la kawaida ni kufungua rejeta moja hadi namba 5 kwenye kichwa cha vali yake na kufunga nyingine zote, tukidhani tunabana matumizi. Namba si ukali wa moto, ni joto la chumba: 3 ni kama digrii 20 au 21. Ukiweka 5, chumba hakifikii joto linalodaiwa, vali haijifungi, maji yanapita mbio na kurudi na joto lake. Weka zote 3. Kipimo ni kiganja: juu pawe moto, chini pawe vuguvugu. Usiweke sofa wala pazia zito mbele ya kichwa cha vali, maana kitapima joto la pazia. Na rejeta ikikataa kuwaka Oktoba ilhali nyingine zimewaka, mara nyingi kipini cha vali kimekwama baada ya kukaa kiangazi kizima. Toa kichwa, bonyeza kipini mara kadhaa kwa kitu bapa mpaka kianze kurudi chenyewe. Usikivute kwa koleo, kikichomoka utafua zulia.

Hesabu zenyewe za gesijoto zina doa. Makaa mengi nafasi yake imechukuliwa na vidonge vya mbao vinavyoletwa kwa meli, vingine kutoka nchi za Baltiki na Marekani. Kwa kanuni za kimataifa, hewa ukaa ya mti huhesabiwa ulikokatwa, na bomba la moshi la Denmark linaandikiwa sifuri. Mti utaota tena, sawa, ila unachukua miongo kurudisha kilichoungua kwa dakika. Wanyama nao ni hesabu kubwa: kuanzia 2030 mfugaji atatozwa kroner 300 kwa kila tani ya gesijoto ya mifugo yake, lakini kwa punguzo la asilimia 60 anabakiwa na 120.

Nasi nyumbani tunatazama taa. Tuna bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115, na jirani zetu Wakenya wana mvuke wa ardhini wa Olkaria. Umeme safi upo. Ila joto letu ni jiko, na jiko ni mkaa. Tanuri la udongo linakula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya mkaa, kwa hiyo zaidi ya nusu ya nishati imepotea porini kabla gunia halijafika barabarani. Jiko la presha la umeme hupika kilo ya maharage bila kumaliza uniti 1. Sasa piga hesabu ya mteja wa D1 Tanzania, kundi la nyumba zenye matumizi madogo: uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kabla ya tozo na kodi, yaani 2.5 kwa siku. Friji, taa, televisheni na pasi zimeshazimaliza. Akianza kupikia umeme anavuka mstari, na kila uniti inayozidi ni shilingi 350. Wadenmark walizuia umeme kwenye joto wakati umeme wao ulikuwa wa makaa. Wetu una maji mengi ndani yake, na unazuiwa na bei. Mimi ningesogeza mstari huo hadi uniti 120 hivi kabla ya kugawa mtungi mwingine wa gesi ya kuagiza.